Luther alivyochoka kuhesabu dhambi

Umewahi kufuta ujumbe mara tano kabla ya kuutuma, ati haujakaa sawa? Basi huyu Martin Luther ungemwelewa.

Alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1483. Mwaka wa 1505 radi ilipiga karibu naye njiani, akaahidi kwa woga kuwa mtawa. Akaacha masomo ya sheria, akaingia monasteri mjini Erfurt. Babake alikasirika si haba!

Humo alifunga, akakesha, akavumilia baridi. Aliweza kuungama kwa muda wa saa sita, atoke, akumbuke kadhambi kengine, arudi tena. Johann von Staupitz, padri aliyemuungamisha, alichoka naye. Kadiri alivyojisafisha, ndivyo aibu ilivyozidi.

Hakufunguliwa kwa kuongeza bidii. Akifundisha Biblia Wittenberg, aliusoma Waraka kwa Warumi, akaelewa kwamba haki ya Mungu ni zawadi, si mshahara. Unaipokea tu kwa imani.

Usidhani akawa malaika. Alikosea, tena vibaya, na huzuni ilimrudia mara kwa mara hadi alipofariki mwaka wa 1546. Lakini sasa alijua pa kukimbilia.

Je, wewe bado unahesabu?