Brandis: Mjerumani aliyehesabu miti akiwa juu ya ndovu

MKULIMA wa Kenya apandaye viazi na maharagwe katikati ya miche michanga ya saipresi ndani ya msitu wa serikali pengine hajawahi kulisikia jina la Dietrich Brandis. Hata hivyo, utaratibu anaoufuata, ujulikanao kama mfumo wa shamba, asili yake ni Burma, nchi inayoitwa Myanmar siku hizi. Huko ndiko Mjerumani huyo alikoujaribu, yapata nusu karne kabla haujaingia Kenya mnamo 1910.

Brandis alizaliwa mjini Bonn, Ujerumani, Machi 31, 1824. Babake, Christian August Brandis, alikuwa msomi wa falsafa. Kijana alichagua elimu ya mimea, na kufikia mwaka wa 1849 alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Bonn. Hakuwa amesomea usimamizi wa misitu.

Ndoa ndiyo iliyomfungulia njia ya kwenda Asia. Mkewe, Rachel, alikuwa binti wa mmishonari Joshua Marshman wa Serampore, India, na dadake Rachel alikuwa ameolewa na Henry Havelock, afisa wa jeshi la Uingereza. Kupitia kwa jamaa hao, jina la Brandis lilimfikia Lord Dalhousie, gavana mkuu wa India. Mnamo 1856 akakabidhiwa misitu ya Pegu, eneo la Burma ambalo Waingereza walikuwa wamelitwaa miaka minne awali.

Utajiri wa Pegu ulikuwa msaji, mti ambao wengine huuita mtiki. Mbao zake haziozi upesi wala haziliwi ovyo na mchwa, na Uingereza ilizihitaji kwa kuunda meli. Kusini zaidi, katika eneo la Tenasserim, wafanyabiashara walikuwa wamekata misaji bila mpango hadi misitu ikadhoofika. Kazi ya Brandis ilikuwa kuhakikisha kwamba Pegu haipatwi na maafa hayo.

Alianza na jambo la kwanza katika elimu ya misitu: kuutambua mti. Msaji hujulikana kwa majani yake makubwa yenye kukwaruza, yaotayo mawili mawili yakielekeana. Jani changa likisuguliwa kiganjani huacha rangi nyekundu. Mwenye kujua ishara kama hizi hapotei hata katika msitu wenye miti ya kila aina.

Jambo la pili lilikuwa kuhesabu. Karatasi hazikufaa kitu katika mvua za Burma. Kwa hivyo Brandis alipanda ndovu, akashika vijiti vinne kwa mkono mmoja na kisu kwa mwingine. Kila kijiti kilikuwa cha miti ya ukubwa fulani. Alipopita karibu na msaji aliukadiria unene wake na kukata alama katika kijiti kinachohusika. Jioni alijumlisha alama hizo. Hakuhesabu msitu mzima. Alipita katika vipande virefu vyembamba, kisha akatumia hesabu ya vipande hivyo kukadiria eneo lote.

Kutokana na alama hizo alipata kanuni. Mti uliostahili kukatwa ulikuwa wenye mzingo wa futi 6 au zaidi. Alikadiria kwamba miti ya daraja la pili ilihitaji miaka 24 kufikia unene huo. Basi kila mwaka ingekatwa sehemu moja tu kati ya 24 ya miti mikubwa, ili itakapokwisha, mingine iwe imekomaa. Kwa ufupi, msitu ukatwe kwa kadiri unavyokua.

Wafanyabiashara wa mbao hawakufurahia mipaka hiyo, na waliishinikiza serikali iwafungulie misitu. Hata hivyo, Brandis alishikilia kwamba hesabu itangulie shoka.

Ugumu mwingine ulihusu Wakaren, wenyeji wa milimani waliofyeka na kuchoma vichaka ili walime mpunga, kisha wakahamia kwingine. Serikali iliwaona kuwa maadui wa msitu. Brandis alitafuta maelewano nao. Wangelima, ila wangepanda misaji pamoja na mpunga, waitunze miche, walipwe kwa ile iliyostawi, kisha wasogee mbele. Mfumo huo uliitwa taungya, yaani shamba la kilimani. Aliyeonekana mharibifu akawa mpandaji.

Mnamo 1864 Brandis aliteuliwa mkuu wa misitu ya India yote, wakati ambapo ujenzi wa reli ulikuwa ukimeza magogo kwa wingi. Sheria ya kwanza ya misitu ilipitishwa 1865, na mwaka wa 1878 akaanzisha chuo cha misitu mjini Dehra Dun.

Mwaka huo huo wa 1878 sheria ya pili iliipa serikali mamlaka makubwa juu ya misitu. Baadhi ya maafisa walitaka haki za wanavijiji, za kuokota kuni na kulisha mifugo, zifutwe kabisa. Brandis alipendelea haki hizo ziandikwe na kulindwa, na vijiji viwe na misitu yao. Sheria ilitaja misitu ya vijiji, lakini ni michache mno iliyotengwa. Mamilioni ya watu walijikuta wageni katika misitu ya babu zao, chini ya idara aliyoijenga yeye mwenyewe.

Alistaafu 1883 na kurejea Ulaya, ambako aliwafunza vijana waliotaka kazi hiyo. Mmoja wao, Gifford Pinchot, alikuja kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya misitu ya Marekani. Kitabu chake kikubwa kuhusu miti ya India kilitoka 1906. Alifariki Bonn, Mei 28, 1907, akiwa na umri wa miaka 83.

Nchini Kenya, mfumo wa shamba ulipigwa marufuku 2003, kisha ukarejeshwa kwa sura mpya baada ya Sheria ya Misitu ya 2005. Waupingao husema wakulima huhujumu miche ili waendelee kulima. Wautetezi husema pasipo mkulima miche hukosa mlinzi. Ni mzozo ule ule aliokumbana nao Brandis milimani Burma: msitu hauna budi kuhesabiwa, na pia wanaoishi kando yake.