Pasteur: Usafi kwanza, mtambo baadaye

Wajasiriamali wengi wanaotaka kutengeneza bia nyumbani huanza kwa kuulizia bei ya matangi ya chuma kisichoshika kutu. Kabla ya kukopa, ni vema kuyatazama maisha ya Mfaransa Louis Pasteur.

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822 katika mji wa Dole. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi. Alisomea sayansi mjini Paris, na mwaka 1854 akawa mkuu wa kitivo cha sayansi mjini Lille. Mwaka 1856, mwenye kiwanda cha spiriti alimwendea akilalamika kuwa mapipa yake yanaharibika. Pasteur alichukua matone na kuyatazama kwa hadubini. Kwenye mapipa mazuri aliona chembe za hamira. Kwenye mabovu, vijidudu vya aina nyingine.

Mwaka 1871 alifanya utafiti katika kiwanda cha bia cha Chamalières, kisha akavuka kwenda London kwenye kiwanda cha Whitbread. Hicho kilikuwa kiwanda kikubwa chenye vyombo vya gharama. Hata hivyo, hadubini ilionyesha kuwa hamira yake ilikuwa na vijidudu vya kuharibu bia. Aliporudi baada ya wiki moja hivi, alikuta kiwanda kimekwishanunua hadubini.

Mwaka 1876 alitoa kitabu kuhusu bia. Mafundisho yake makuu yalikuwa kutumia hamira safi na kuikinga bia na vijidudu vya hewani. Pia alionyesha kuwa bia ya chupa ikipashwa moto wa nyuzi kati ya 50 na 60 haiharibiki upesi. Alifariki Septemba 28, 1895.

Kiuchumi, tangi kubwa huongeza wingi. Ubora hutoka kwingine. Hamira ikiwa chafu, mwenye ndoo ya lita 20 hupoteza lita 20, na mwenye tangi la lita 500 hupoteza lita 500, huku deni likibaki palepale.

Kwa anayeanza, sufuria kubwa yenye mfuniko, ndoo safi ya vyakula, kipimajoto na maji yanayochemka vinatosha. Akitaka kuuza, apate leseni kwanza. Tangi linunuliwe pale bia inapotoka nzuri kila mara na wateja wanaimaliza yote.