Shekhar Mehta, mtoto wa Uganda aliyeishinda Mercedes ya oto

Mashabiki wa Simba na Yanga wanaujua utamu wa kubeba ubingwa mara nne mfululizo. Simba walianza msimu wa 2017/18, Yanga wakajibu kuanzia 2021/22. Shekhar Mehta naye alibeba mara nne mfululizo, ila kazi yake ilikuwa usukani na mkono wa gia, na uwanja wake ulikuwa barabara za vumbi na matope za Afrika Mashariki.

Mehta alizaliwa Uganda Juni 20, 1945, katika familia tajiri yenye asili ya India, wenye mashamba na viwanda. Pesa ilikuwepo, biashara ilikuwa inamsubiri, lakini kijana akapenda resi. Akiwa na miaka 21 tu alishaanza rali na gari aina ya BMW. Mwaka 1971 akashtua watu alipomaliza wa pili kwenye Safari Rally na Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann.

Halafu ikaja Agosti 1972. Idi Amin akatangaza Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Familia ikaacha nyumba na mali, na Mehta akahamia Kenya. Pasaka ya 1973, miezi michache tu baada ya kufukuzwa kwao, akapanga mstari tena na 240Z yake. Huo ndio ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali.

Mwisho wa mbio, yeye na Harry Källström wa Sweden wakawa sawa kwa pointi za adhabu. Kwenye soka ungeangalia tofauti ya magoli. Kwenye Safari waliangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza, na huyo alikuwa Mehta. Mtu aliyetoka kupoteza kwao akawa bingwa.

Lakini kipimo chake kikubwa kilikuja 1979. Mercedes-Benz walishuka Kenya na 450 SLC 5.0, gari kubwa lenye injini ya silinda nane, lita 5, na gia boksi ya oto yenye gia tatu. Wengi waliona kama kichekesho. Oto ni gari la bosi wa mjini, inafanya nini kwenye matope? Ila Wajerumani walikuwa na hesabu zao. Oto haina klachi ya kuungua. Nguvu ya injini inapita kwenye mafuta kabla ya kufika kwenye magurudumu, kwa hiyo shimo likigonga, mshtuko haufiki wote kwenye meno ya gia. Na dereva anabaki na mikono miwili kwenye usukani, jambo kubwa sana kwenye mbio za takribani kilomita 5,000.

Na waliokabidhiwa usukani hawakuwa watoto. Walikuwemo Hannu Mikkola na Björn Waldegård, ambao mwaka huohuo walimaliza msimu wakitenganishwa na pointi moja tu kwenye ubingwa wa dunia, Waldegård akiwa juu.

Mehta yeye alikuwa na Datsun 160J, gari dogo la silinda nne, injini ya kama lita 2, gia za mkono. Kwa nguvu hapo hakuna mechi. Basi akacheza kwa akili, na akili ya gari la manyuo ni kujua muda wa kubadili gia. Ukipandisha mapema, injini ndogo inakosa pumzi. Ukichelewa, inalia bure na mwisho inapasuka. Kwenye tope ndiyo balaa zaidi: ukikanyaga klachi katikati ya dimbwi, nguvu inakatika kwa nukta moja, gari linazama, mbio zimekwisha. Gia ya kuvukia tope inachaguliwa kabla ya kuingia. Oto ya zama zile haikuwa na macho. Ilibadili gia kwa kufuata mwendo na mguu wa mafuta, si kwa kuona kona iliyo mbele. Dereva wa manyuo anaiona.

Mehta akashinda, Mikkola na oto yake wakawa wa pili. Haki isemwe: si gia peke yake iliyoamua. Mercedes ilikuwa nzito, na Mehta na msoma ramani wake Mike Doughty waliijua ardhi. Oto nayo haikuwa ya kubezwa, maana Desemba mwaka huohuo Mercedes walibeba nafasi nne za kwanza kwenye Rali ya Bandama, Ivory Coast. Lakini Safari waliyoitamani hawakuipata. Mwaka 1980 Mehta akashinda tena, mwisho wa mwaka Wajerumani wakafunga timu. Yeye akaendelea 1981 na 1982, safari hizi akiwa na Violet GT. Jumla mara tano, na hadi leo hakuna aliyempita.

Ajali mbaya kwenye Rali ya Mafarao nchini Misri mwaka 1987 ndiyo iliyomtoa barabarani. Hakuuacha mchezo: aliongoza tume ya rali ya shirikisho la dunia, FIA. Alifariki London Aprili 12, 2006, akiwa na miaka 60, akamwacha mkewe Yvonne, ambaye naye aliwahi kukaa pembeni yake kama msoma ramani.

Huko Mbuba na Ngara yote, ambako malori hushuka milima kuelekea Rusumo, hakuna dereva anayehitaji kufundishwa alichokijua Mehta: gia ya kushukia mlima unaiweka ukiwa bado juu. Na magari ya Rally1 yanayokimbia Safari siku hizi, pamoja na teknolojia yote, yana gia tano na fimbo ya kuvuta kwa mkono. Uamuzi wa lini wa kubadili umebaki kwa dereva.