Mendeleev na Vyumba Vitupu

Mwezi uliopita nilikuwa Garsen nikingojea gari la Lamu, nikaketi kibandani kunywa chai. Kando yangu alikuwapo kijana wa sekondari, Mpokomo, ambaye kila asubuhi huvuka Mto Tana kwa mtumbwi kwenda kusoma. Aliniamkia kwa adabu, kisha akanifunulia ukurasa wa kitabu cha kemia uliochorwa vyumba vyumba, akalalamika kwamba elimu hii ni ya watu wa mbali na majina yake hayashikiki.

Nilimwonyesha chuma, shaba, fedha, dhahabu, risasi na zebaki. Yote hayo ni majina ya nyumbani. Hata ile herufi K ya potasiamu asili yake ni neno la Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea. Na kwa kuwa gari lilichelewa, nikamsimulia habari za aliyevipanga vyumba vile. Nawe, msomaji, zisikilize.

Dmitri Mendeleev alizaliwa mwaka 1834 Tobolsk, mji wa Siberia, nchini Urusi, akiwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto wengi. Mwaka ule ule baba yake, aliyekuwa mwalimu, alipofuka. Mama yake, Maria, akashika usimamizi wa kiwanda cha vioo ili watoto wapate kula. Mume akafa 1847. Mwaka uliofuata kiwanda kikateketea kwa moto. Bibi yule hakukata tamaa. Alimchukua mwanawe wakasafiri karibu kilomita 2,000 hadi Moscow, na huko chuo kikuu kikamkataa. Wakaendelea hadi St Petersburg, ambako mwaka 1850 kijana alipokewa katika chuo cha ualimu. Mwaka huo huo mama akafariki, amana yake ameshaifikisha.

Mwana akaja kuwa profesa. Siku hizo elementi zilizojulikana zilikuwa 63, zimetapakaa kama ng'ombe wasio na mchungaji. Mwaka 1869 Mendeleev alizipanga kwa uzani wa atomi, akaona tabia zake hujirudia kwa zamu. Palipokosekana elementi ifaayo hakupaziba kwa nguvu; alipaacha patupu, na baadaye akaeleza itakayopakaa itakuwaje. Mwaka 1875 Mfaransa mmoja aliivumbua galiamu, akasema ni nzito mara 4.7 kuliko maji. Mendeleev, ambaye hajapata kuiona, alimtaka apime tena, kwani yapasa kukaribia 6. Mfaransa akapima, akapata 5.9. Skandiamu ikafuata 1879, na jerimaniamu 1886.

Hata hivyo, alikuwa binadamu. Elektroni ilipogunduliwa mwaka 1897, hakutaka kusadiki kwamba atomi yaweza kugawanyika, na alikufa 1907 akiwa na shaka hiyo. Kumbe siri ya jedwali lake ilikuwa humo humo. Ndani ya atomi mna kiini chenye protoni na nyutroni, na elektroni ziko nje yake. Idadi ya protoni ndiyo nambari ya chumba: haidrojeni 1, shaba 29, dhahabu 79. Leo elementi ni 118, na ya 101 ilipewa jina lake mwaka 1955.

Kijana aliniuliza kama kuna chumba cha 119. Nikamjibu kwamba wataalamu wanakitafuta na hawajakipata. Gari likapiga honi, nikamwacha akiviangalia upya vyumba vyake.