BINTI WA SULTANI ALIYETOROKA

Ngano za nyanya zetu huku Kericho na Bomet nyingi huishia arusini. Hii ni ya kweli, na arusi iko katikati tu.

Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Unguja mwaka wa 1844. Wasichana wakati huo walifunzwa kusoma tu, lakini yeye alijifunza kuandika kwa siri. Jamani, ujasiri ulioje!

Mjini akampenda jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani. Nyumba zao zilikaribiana sana. Mapenzi yale yalikuwa hatari, kwa hivyo mwaka wa 1866 akatoroka usiku kwa manowari ya Waingereza mpaka Aden. Mwaka uliofuata akabatizwa Emily, na siku hiyo hiyo wakaoana.

Wakaishi Hamburg, kwenye baridi kuliko Kericho yetu ya Julai. Mwaka wa 1870 mumewe akafa katika ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wachanga. Salme akawa anafundisha Kiarabu apate chakula chao. Mwaka wa 1885 alirudi Unguja kudai urithi. Kaka yake, Sultani Barghash, hata kumwona alikataa.

Wengine chamani humlaumu. Mimi namhurumia. Mwaka wa 1886 alichapisha kitabu cha maisha yake, kwa mkono ule ule uliojifunza kwa kujificha. Alifariki Ujerumani mwaka wa 1924.