Ng'ang'a wa Kimani, nabii wa Ndarugu, na utata wa mikono iliyoinuliwa

MSAFIRI atokaye Ruiru kwenda Thika huvuka mto Ndarugu baada tu ya kupita Juja, na pengine asiuone. Wengi hulijua jina hilo kwa machimbo ya mawe. Kwa waumini wa Akorino, ambao vilemba vyao vyeupe ni jambo la kawaida katika miji hiyo miwili, Ndarugu ni mahali pa damu. Katika msitu wenye jina hilo, mwezi Februari 1934, polisi wa serikali ya kikoloni waliwaua kwa risasi watu watatu: Joseph Ng'ang'a wa Kimani na wenzake, Samuel Muinami na John Mung'ara.

Ng'ang'a alikuwa mwenyeji wa Kiambu. Masimulizi ya waumini husema kwamba mnamo 1926, baada ya kunywa pombe, alisikia sauti ikimwita kwa jina na kumwagiza awaombee watu wake wakombolewe. Aliacha pombe, akajitenga na watu kwa takriban miaka mitatu, akisali na kusoma. Mwaka huohuo wa 1926 Agano Jipya lilikuwa limechapishwa kwa Kikikuyu, hivyo mtu aliyejua kusoma hakumhitaji tena mmishonari wa kumfasiria.

Alipotoka mafichoni alikuta nchi imechafuka. Mashamba ya kahawa na katani ya walowezi yalikuwa yameenea kuanzia Ruiru hadi Thika, na wenyeji wengi walikuwa maskwota au vibarua. Mwaka 1929 misheni ziliwataka waumini watie alama ya kidole kuthibitisha kwamba wamekataa tohara ya wanawake, na maelfu wakazihama. Mwaka 1932 ikaundwa Tume ya Ardhi chini ya Sir Morris Carter. Katika hali hiyo, kikundi cha watu wanaokesha msituni wakisali hakingeweza kuonekana kama jambo la dini tu.

Tena namna yao ya kusali ilishtua. Walisimama wakiuelekea Mlima Kenya, mikono wameiinua juu, wakatetemeka mwili mzima na kutoa sauti zilizofanana na ngurumo za simba na chui. Ishara hizo zilitoka wapi? Wamisheni waliona upagani uliovalishwa Biblia. Jomo Kenyatta, mzaliwa wa Gatundu, aliwaeleza katika kitabu chake cha Facing Mount Kenya cha 1938 kwa jina la Watu wa Mungu, akionyesha jinsi walivyochanganya maandiko na desturi za Wakikuyu. Kwa hakika wazee walimwomba Ngai wakiukabili Mlima Kenya, mikono juu, muda mrefu kabla ya misheni ya kwanza. Lakini hata Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, anaagiza watu wasali wakiinua mikono. (Kenyatta, tusisahau, aliondoka Kenya mwaka 1931 na alikuwa Uingereza watu hao walipouawa.)

Jina lenyewe linabishaniwa. Wapo wanaosema Akorino linatokana na swali la Kikikuyu la kuuliza mkombozi ni nani; wengine hulihusisha na ile ngurumo ya sala.

Mabishano ya aina hii si ya Wakikuyu peke yao. Watawa wa Shingon nchini Japani, ambao mafundisho yao yaliletwa kutoka Uchina na Kukai mwaka 806, husali kwa kukunja vidole kwa namna maalumu na kutamka maneno ya siri. Wao huamini ishara hizo zina asili ya Kibuddha ya tangu milele. Wanahistoria wengi huona ndani yake desturi za kale za Kihindi zilizokuwapo kabla ya Buddha.

Tofauti ni kwamba Japani ubishi huo ulibaki kwa wasomi. Kiambu ulikuwa na bunduki. Ikiwa mikono ile iliinuliwa kwa amri ya Biblia, Ng'ang'a alikuwa Mkristo anayesali, na serikali ilijigamba kuwalinda Wakristo. Ikiwa ilitoka kwa wahenga, mbele ya mlima wa Ngai, katika ardhi iliyonyakuliwa, afisa wa kikoloni aliisoma kama maandalizi ya vita. Na pinde na mishale waliyobeba vilimpa sababu ya kuamini hivyo.

Ng'ang'a mwenyewe, kwa mujibu wa imani ya wafuasi wake, hakuchagua lolote kati ya hayo mawili. Mtetemo, sauti na mikono vilikuwa kazi ya Roho Mtakatifu, aliyewashukia moja kwa moja bila kupitia kwa mzungu wala mzee wa kijiji. Jibu hilo ndilo naliona zito zaidi, kwa sababu lilimnyima mmishonari mamlaka na halikumrudishia mzee mamlaka yake ya zamani.

Baada ya mauaji hayo, wafuasi waliendelea kusakwa na kukamatwa. Hawakuacha kusali. Leo makanisa ya Akorino ni mengi, ngoma husikika Jumapili mitaani Thika, na mikono bado huinuliwa.