Murumbi: makamu wa rais aliyependa vinyago kuliko cheo

Umetoka Marafa, umepanga bedsita yako ya kwanza Nairobi, na kuta bado ni tupu. Kabla hujabandika ile picha ya Mnara wa Eiffel ambayo kila keja inayo, ngoja kwanza nikusimulie Joseph Murumbi.

Alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba Mgoa, mama Mmaasai. Akiwa mtoto alipelekwa India kusoma. Mwaka 1952, viongozi wa chama cha KAU walipokamatwa, yeye ndiye aliyeshika kazi ya katibu mkuu. Mwaka uliofuata akaondoka nchini, akaishia London, uhamishoni.

Huko ndiko ugonjwa wa kukusanya ulipomkolea. Vitabu vya zamani kuhusu Afrika, barua, stempu, vinyago. Mali ya Afrika ilikuwa ikiuzwa huko kama vitu vya kushangaza wageni, na yeye akawa anaikomboa, kimoja leo, kingine kesho. Usidhani alikuwa tajiri. Alikuwa mkimbizi wa siasa anayefanya kazi.

Alirudi mwaka 1962. Akawa waziri wa mambo ya nje, kisha mwaka 1966 makamu wa rais baada ya Oginga Odinga. Na unajua alifanya nini? Akajiuzulu mwaka huohuo! Cheo ambacho watu hukitafuta maisha yao yote, yeye alikiacha baada ya miezi michache. Mwaka 1972 akaanzisha duka la sanaa la African Heritage pamoja na Mmarekani Alan Donovan.

Nyumba yake ya Muthaiga ilijaa. Sawa, Muthaiga si bedsita, lakini mzee hakupamba ili afanane na jirani. Aliweka alichokipenda, na alijua kila kitu kimetoka wapi.

Hilo la mwisho wewe wa Marafa unalielewa kuliko wengi. Kigango si pambo la sebuleni. Husimamishwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu, na hakihamishwi, hata ukoo ukihama. Lakini viliibwa vingi, vikauzwa hadi Marekani, vikasimamishwa kwenye nyumba za watu na makumbusho. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalikubali kurudisha 30. Kwa hiyo ukiuziwa kinyago barabarani, uliza maswali. Usione aibu.

Murumbi mwenyewe angeweza kuuza mali yake ng'ambo kwa bei nono. Badala yake aliiuzia serikali ya Kenya kwa bei nafuu, na nyumba pia, kwa matumaini kwamba ingekuwa kituo cha kusomea mambo ya Afrika. Kituo hakikujengwa. Nyumba ikabomolewa, naye alikuwa bado hai. Inauma, jamani. Alifariki mwaka 1990, akazikwa City Park, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto.

Vitu vyake havikupotea. Siku ukishuka matatu Tom Mboya, lile jengo kubwa la Nyaraka za Taifa liko palepale, upande wa Moi Avenue. Ghorofa ya chini ni yake.